Oili ya Difu Iliyobaki Jikoni

Kamwene, mama zangu. Kamwene, dada zangu. Mchungaji ameniomba nisimame hapa mara nyingi, na kila mara nimekataa, mnajua. Leo nimekubali kwa sababu nimeona wenzetu waliofiwa juzi juzi wamekaa kule nyuma karibu na mlango, mahali pale pale nilipokuwa nakaa mimi. Sitataja jina la mtu. Wengine wapo humu ndani, watajijua wenyewe.

Mume wangu alikuwa dereva. Kuendesha alijifunzia vitani, na aliporudi, yeye na mdogo wake walinunua lori kuukuu ambalo jeshi lilikuwa halilitaki tena. Alipakia maganda ya miwati, ile miti ya dawa ya kulainishia ngozi, na magunia ya mahindi, akayapeleka Makambako, akarudi na chumvi, mafuta ya taa na abiria. Matengenezo aliyafanya mwenyewe uani kwetu, na kazi aliyoipenda ni kubadilisha oili ya difu. Kwa msiolijua, difu ni lile bonge la chuma, kama chungu, lililo katikati ya magurudumu ya nyuma. Ndani mna gia, nazo zinaogelea kwenye oili nzito inayonuka kama yai viza. Alikuwa akiniambia, "Mama watoto, likikauka hapa, meno yanatafunana, na safari imeishia hapo."

Oili chafu aliimwaga akitoka safari, ingali ya moto, maana kwa baridi yetu hii ikishapoa haitoki. Alianza kulegeza nati ya juu, ya kujazia, ndipo akafungua ya chini. Oili mpya aliniletea jikoni niiweke kando ya mafiga ipate joto. Akimaliza kujaza, ananawa, tunakula.

Siku moja alirudi mchana, mvua imekatika. Gurudumu moja la nyuma lilikuwa na pancha, akasema atafanya kazi zote mbili pamoja. Akapiga jeki, akatoa gurudumu, akaingia chini kumwaga oili. Debe la oili mpya lilikuwa jikoni kwangu. Akaita, "Imepata moto?"

Nikamjibu, "Bado kidogo."

Ndugu zangu, hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho. Ardhi ilikuwa imelowa. Jeki ikazama upande mmoja, na lori likamshukia kifuani. Wanaume walikuja na miti wakalinyanyua, wakamtoa akiwa bado anapumua. Gari la kumpeleka hospitali ya misheni lilikuwa moja tu, nalo ni lile lile lililomlalia, limelala pale bila gurudumu. Tukambeba kwa machela ya mablanketi. Alikata roho kabla hatujafika mtoni.

Baada ya mazishi wanaume walirudisha gurudumu, wakafunga ile nati ya chini, wakalisukuma lori mpaka pembeni. Hakuna aliyekumbuka kwamba difu lilikuwa tupu. Nilikumbuka mimi peke yangu, nikanyamaza, kwani nilikuwa nimenyamaza kwa kila kitu.

Nawaambieni, nilianguka. Mama yangu alikuja kuwachukua watoto kwa kuwa nilikuwa siwapikii. Viazi vilimezwa na magugu. Mlipokuwa mkiimba hapa Jumapili sauti ilinifikia nyumbani, nami nilifunga dirisha. Nilimkasirikia Mungu, nasema wazi mbele ya Mchungaji. Lile debe sikuweza kulitupa wala kulitazama, nikalifunika kwa gunia. Nililala nikijiuliza: kama ningemjibu kwamba imepata moto, si angetoka chini ya lori aje kuichukua?

Jirani yangu, naye alikuwa mjamzito, alikuja kila asubuhi kunikokea moto. Hakunihubiria. Hakuniambia nijikaze. Alipuliza moto, akapika uji, akakaa mpaka ninywe, kisha akaenda shambani kwake.

Shemeji yangu, yule mdogo wake marehemu, naye alikuja, akasema, "Shemeji, lori likikaa hapa litaoza, na wewe utaoza nalo. Niruhusu nilipeleke Makambako nilitafutie mnunuzi." Nikageuka, nikaingia ndani. Akaanza kulishughulikia: akasafisha plagi, akajaza upepo, akatia petroli.

Asubuhi moja jirani hakuja. Nilisubiri, nikasikia kilio kutoka kwake. Nilipofika, mkunga alikuwa mlangoni, jasho linamtoka.

"Mtoto amekaa vibaya," akasema. "Hapa mimi siwezi. Apelekwe hospitali, sasa hivi."

Nyuma yangu nikasikia lori linakohoa. Shemeji alikuwa amekwisha kuliwasha kwa hendeli. Nikakimbia, na sauti ambayo sikuwa nimeitoa tangu mazishi ikatoka yote.

"Zima! Zima, shemeji! Difu ni tupu!"

"Tupu? Nani kasema?"

"Kaka yako aliimwaga siku ile. Mpya iko jikoni kwangu."

Nilikoka moto mwenyewe, nikalifunua debe, nikalipasha. Shemeji akataka kuingia chini, nikamzuia. "Nenda kampakie mgonjwa. Oili hii nilikuwa naipasha mimi. Niache niimalize."

Lori lilikuwa limesimama kwa magurudumu yake yote, na tuliweka mawe mbele na nyuma. Nililala chali, nikafungua nati ya juu, nikapitisha mrija wa mpira tunduni, na mume wa jirani akamimina kwa faneli. Nililia kule chini, akina mama, nililia kwa sauti, na mkono wangu haukuuachia ule mpira. Oili ilipoanza kuchuruzika tunduni nikajua imejaa. Nikakaza nati.

Tulifika. Jirani yangu aliokoka. Mtoto hakuokoka. Tulirudi mama yake amelala mapajani mwangu, na baba yake amekumbatia kifurushi kidogo cha shuka nyeupe. Kesho yake asubuhi nilikwenda kumkokea moto.

Lori hatukuliuza. Shemeji ndiye dereva, na watoto wangu wamerudi nyumbani. Ninamshukuru yeye, ninamshukuru mama yangu, ninawashukuru wanaume walioshika machela. Jirani yangu, wewe unajua, nikianza kukushukuru sitamaliza.

Jambo moja ninaliomba kwenu wenye waume na wana wanaotengeneza magari nyumbani: msiwaache waingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Wekeni magogo. Wakicheka, waacheni wacheke, lakini magogo yawekwe.

Sikusimama kuwaambia kwamba huzuni yangu imekwisha. Haijaisha. Nikisikia harufu ya ile oili, bado naketi chini. Ila siku hizi nainuka. Nanyi mliokaa kule nyuma, sitawaambia mnyamaze. Lieni. Lakini mtu akibisha mlangoni kwenu asubuhi, mfungulieni. Na kama hakuna anayebisha, nielekezeni nyumba, nitakuja mimi.