Mzee Job Sifuna, Fundi wa Kamshafti wa Kitale

Jumatatu tarehe 17 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake Kitale, Bwana alimwita Mzee Job Sifuna Mukhwana, naye ameondoka akiwa mshindi, ndiyo maana sisi familia tunasoma historia yake kwa machozi lakini bila huzuni ya wasio na tumaini.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1956 Kamukuywa, Bungoma, mtoto wa nne wa Mzee Mukhwana na Mama Rispah, akasoma hapo hadi darasa la saba mwaka wa 1971, kisha akaja Kitale kujifunza umekanika, na mwaka wa 1984 akafungua gereji yake. Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa takatifu na Wilkista, wakabarikiwa na Linah, Barasa na Fridah.

Alijulikana kwa kamshafti, ule mti wa chuma wenye vinundu, unaozunguka ndani ya injini na kusukuma tapeti, vile vyuma vifupi vinavyokanyaga vinundu hivyo, ili valvu za kupitisha hewa na moshi zifunguke. Mwaka wa 1998 alifunga kamshafti mpya katika Peugeot 404 ya Mwalimu Kibiwott wa Endebess, lakini akarudisha tapeti kuukuu kwa kuwa ziling'aa, na kabla ya mwezi kwisha zilikuwa zimevila vile vinundu vipya. Jumapili alisimama kanisani akasema, "Gari la Mwalimu halikuharibiwa na barabara, ni mimi," kisha akarudia kazi yote. Tangu hapo tapeti zote alizigusanisha mbili mbili, nyayo kwa nyayo, na kwa kuwa unyayo wa tapeti nzima hubenuka kidogo, zisipoyumba alijua zimelika, na kamshafti mpya haikuingia ila na tapeti mpya.

Mei 2024 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukakataa, wakati 404 ileile, sasa imechakaa kwa umri, ilikuwa imefunguliwa gerejini, na watu wakasema gereji imekufa, gari lipelekwe Eldoret. Fridah, aliyekuwa amefanya kazi naye miaka tisa, akaomba aimalize kwa kamshafti na tapeti mpya.

"Sasa Mzee, huyu msichana ataweza kweli?" Mwalimu aliuliza.

Naye, maneno yakimtoka kwa shida, akajibu, "Mwalimu, mimi ndiye nilikuharibia. Huyu bado hajaharibia mtu."

Jumamosi tarehe 21 Septemba 2024, saa nne asubuhi, Fridah aliiwasha, akaishikilia injini kwa mzunguko wa kasi dakika ishirini bila kuiacha ingurume polepole, ili vyuma vipya vizoeane, na baba yake akasikiliza kutoka kitini, hakusikia chuma hata kimoja kikigonga, akainua mkono wa kushoto akasema, "Bwana asifiwe," na mafundi wote wa mtaa wakaitikia, "Amina." Gereji haikufungwa hata siku moja, na leo Mwalimu amekuja kutuzikia kwa gari hilo.

Kiharusi cha pili kilimjia tarehe 9 Novemba mwaka huu. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolala nasi matangani, mafundi wenzake na kanisa lote.

Ee Mungu wa rehema, mpokee mtumishi wako Job, aliyekiri kosa lake na kumaliza kazi yake, umpumzishe katika amani yako hadi tutakapoonana naye. Amina.