Ugali wa Kwanza Huliwa Nyumbani

Shikamooni wazazi wangu. Na nyinyi wenzangu wa rika langu, habari za tangu Jumapili.

Mnisamehe, nitasoma kwenye daftari. Nikiwatazama machoni nitanyamaza, na nikinyamaza mama mwenyekiti wa kikundi atanifukuza. Ni yeye aliyenibana pale kisimani, akasema, "Wewe binti, wasichana wetu wanataka kuanzisha biashara na hawana kitu. Waeleze ulivyoanza na kuku mmoja." Nikamwambia mimi sijui kusema mbele ya watu. Akanijibu, "Siku ile gulioni ulisema."

Kwa hiyo nimeandika. Habari za mtaji nitaeleza, lakini nawaambia mapema, ndugu zangu, ndani ya habari hii kuna mtoto aliyekaribia kufa, na mkono uliomlisha ni huu ulioshika daftari. Majina sitataja.

Mnajua kwamba ninaishi na bibi yangu. Mama alifariki nikiwa darasa la nne, na baba alikwenda kutafuta kazi akapotelea hukohuko. Nilipofika kidato cha pili nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya ada. Nikakaa na Bibi, macho yake yamefifia, tukitazamana, yaani mimi nikimtazama yeye. Kitu cha kuuza tulikuwa nacho kimoja, kuku jike. Nilimuuza. Nikanunua gunia, chekeche na kopo la kupimia. Huo ndio mtaji wangu wote. Vingine havikuuzwa dukani: bonde lenye maji, mwamba wa kuanikia, jua, kinu cha Bibi, na muhogo.

Muhogo wenyewe ni ule mchungu, uliopandwa pembezoni mwa shamba. Bibi aliupanda pale ili nguruwe pori akija akutane nao kwanza, aonje, ageuke. Ulikuwa ukuta wetu. Ule mwaka watu walipovuka mpaka wakiwa na magodoro vichwani na watoto migongoni, kilima cha pili kikageuka mahema, mashamba yetu yakaanza kuchimbwa na mikono tusiyoijua. Siwalaumu, njaa ni njaa. Muhogo mtamu uliisha mstari kwa mstari. Lakini ule mchungu ulibaki umesimama peke yake, majani mabichi, hakuna aliyeugusa. Hata mwizi aliupita mbali. Mimi nikaona ni bahati. Sikujiuliza mwizi anaogopa nini.

Wazazi hapa mnaijua kazi hii kuliko mimi, lakini kwa wenzangu: unaumenya, unauloweka kwenye mashimo ya maji kule bondeni, unakaa siku nne. Unabonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikizama, na ule utambi wa katikati ukitoka wenyewe bila kuvutwa, umeiva. Ndipo unaukamua, unauanika upate makopa, unatwanga, unachekecha. Bibi alinifundisha yote hayo kwa vidole vyake, maana macho hayakuwa na msaada. Akaniwekea na sharti moja, lile mnalolijua.

"Unga mpya ukitoka," alisema, "ugali wa kwanza tunakula sisi. Tunalala. Tukiamka salama, ndipo unga uende kwa watu. Mgeni hali wa kwanza."

"Ndiyo, Bibi."

"Usiseme ndiyo kama unamjibu mwalimu. Shika."

Wiki za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Gulioni nilikaa mwisho wa mstari, karibu na baba mmoja muuza dagaa. Nilikuwa sisemi. Mtu akija nachota, nalainisha juu kwa kiganja, nampa. Yule wa dagaa akanipa jina, "bubu wa unga". Wanunuzi wengi walikuwa wakimbizi, wanakula muhogo kama sisi, na lugha yao na Kihangaza chetu ni kama mtu na dada yake. Kuna mama mmoja alikuwa anakuja kila gulio na mtoto wake wa kiume wa kama miaka mitatu. Mtoto akiona nachota, anachovya kidole kwenye unga, analamba, halafu anajificha nyuma ya mamaye. Nilimpenda kwa sababu naye alikuwa hasemi.

Halafu mambo yakaanza kubadilika, polepole. Niliyaandika kila siku kwenye daftari bila kuyaelewa. Miti ya kilimani ikaisha, ukitazama unaona visiki tu. Moshi wa kambini ambao ulikuwa haukatiki ukawa mwembamba. Wakasema mgao wa chakula umechelewa. Watu walikuja gulioni mapema, hawana maneno, wanatazama gunia badala ya kunitazama mimi. Mvua ikashika siku mfululizo, maji ya bondeni yakawa baridi, na muhogo kwenye maji baridi hauivi haraka. Ikaja barua ya shule: shule inafunguliwa, asiyelipa ada nafasi yake itachukuliwa.

Siku mbili kabla ya gulio, mwana-mbuzi wa jirani aliingia kwenye maganda yetu nyuma ya jiko. Tulimkuta amelala ubavu, povu mdomoni, miguu inapiga hewa. Akafa tukimwangalia. Bibi alimpapasa shingo, akasema, "Huu muhogo unatuonya." Mimi moyoni nikacheka. Nimesoma baiolojia mimi. Nikasema ni maganda tu, watu hawali maganda.

Nikaenda bondeni. Muhogo ulikuwa majini kwa usiku mmoja. Nikabonyeza, kidole kikagoma. Nikavuta utambi, ukakatika. Nilisimama pale nikasikiliza vyura, nikafikiri gulio, nikafikiri barua, nikafikiri wale watu wanavyotazama gunia. Nikautoa. Niliukata vipande vyembamba, nikaukausha kwenye kichanja juu ya moto kwa sababu jua halikuwepo, nikautwanga hadi ukawa laini kuliko siku zote. Kwa macho ulikuwa unga mzuri kabisa. Mweupe.

Ukabaki ugali wa kwanza. Ndugu zangu, hapa ndipo nilipotaka kuuruka ukurasa. Nilijua. Nisiseme sikujua. Kama ningekuwa sijui, ningepika ule mpya. Nilichukua unga wa zamani uliobaki kwenye kibuyu, nikapika ule, nikamwekea Bibi mkononi tonge la kwanza.

"Ndio mpya huu?"

"Ndio mpya, Bibi."

Akatafuna taratibu. "Mtamu. Haya, uende kwa watu na baraka." Na akaniwekea mkono kichwani. Kipofu ananibariki na mimi namwona.

Kesho yake gulioni unga uliisha kabla jua halijapanda. Yule mama alikuja, mtoto akachovya kidole, akalamba. Safari hii hakujificha. Alikunja uso, akatema, akanitazama. Mamaye akamwambia, "Acha kudeka, leo tuna bahati." Nikachota. Nikamjazia na cha juu. Mkononi nikahisi kama nimebeba jiwe, lakini nikachota. Wa mwisho alikuwa mwanamume mwenye baiskeli, kofia ya sufu ya kijani, akanunua makopo mawili, akapanda kuelekea barabara ya Nyakahura.

Nilirudi nyumbani nikikimbia, ada iko kwenye nguo. Bibi alikuwa ameketi barazani. Akaniomba gunia alikung'ute. Unga kidogo ulimwagikia kiganjani, naye, kama kawaida yake, akaulamba.

Akaacha kukung'uta.

"Huu siyo nilioula."

Nikanyoosha mkono nichukue gunia.

"Nakuuliza wewe. Huu siyo nilioula jana. Huu umekaa majini siku ngapi?"

"Usiku mmoja."

Nilitegemea kofi. Bibi alitema, akapangusa ulimi kwa kanga, akauliza kwa sauti ya chini sana, "Wangapi wamekwishabandika maji?" Halafu, "Unangoja nini? Kimbia!"

Nilikimbia. Watu gulioni walikuwa wanafunga mizigo. Nikasimama kwenye nafasi yangu, mdomo wazi, sauti haitoki. Nyinyi mnaosema kirahisi hamwezi kujua. Nilifungua mdomo mara tatu. Ya nne ikatoka kama mbuzi: "Unga wangu msile! Haujaiva! Msiupike!"

Yule wa dagaa akaangua kicheko. "Jamani, bubu kameza redio leo!"

"Baba, nisaidie, unga una sumu!"

"Ni biashara hiyo? Asubuhi unauza, mchana unahubiri?" Lakini alipouona uso wangu akaacha kucheka. Akapanda juu ya kreti lake akaita kwa sauti ile ya dagaa, inayofika mpaka kanisani. Waliokuwepo, wengi wao wakimbizi, wakarudi. Mama mmoja alinimwagia unga kichwani. Mwingine akaniita mchawi, akanitemea miguuni. Nilimrudishia kila mmoja alichonipa, ada yote ikaisha palepale. Walioondoka, watu waliwataja, mimi nikawafuata nyumba kwa nyumba. Wengine walikuwa wanasubiri maji yachemke. Nyumba moja ugali ulikuwa tayari, wameketi, mikono imeshaoshwa. Niliupiga teke. Sikuomba hodi.

Walibaki yule mama wa kambini na mwanamume wa baiskeli.

Nilipanda kilima cha mahema jua likiwa limeinama. Mahema yote yanafanana. Nilimuulizia mama mwenye mtoto asiyesema, watu wakanishangaa, watoto wasiosema walikuwa wengi sana kule. Mwishowe mwanamke mmoja akasema, "Yule aliyekimbilia kwenye hema la wagonjwa sasa hivi?"

Nilimkuta mlangoni. Mtoto alikuwa amelegea mikononi mwake kama nguo iliyoloa, anatapika maji tu, macho yamepinduka. Nesi anamuuliza, "Amekula nini?" Mama anajibu, "Ugali, ugali tu kama siku zote. Mimi nilikuwa namlisha yeye kwanza, mimi bado." Nesi akasema huenda ni kipindupindu, mpelekeni upande ule. Wakamnyanyua.

Nilikuwa nyuma ya watu kama kumi. Hakuna aliyenijua. Ningeweza kugeuka, nawaambia ukweli, na miguu ilishaanza kugeuka.

"Ni muhogo," nikasema. Hawakusikia. Nikasukuma watu. "Siyo kipindupindu. Ni muhogo mchungu. Ulikaa majini usiku mmoja. Ni mimi niliyemuuzia."

Nesi alinitazama mara moja tu, akageuka akaita watu wengine, wakambadilishia upande. Wakamwekea dripu. Mimi na yule mama tulikaa chini, katikati yetu viatu vya mtoto. Mtoto alifumbua macho wakati ndege wameanza kulia asubuhi. Nesi akatoka, akaniambia maneno ambayo siyasahau: "Ungenyamaza kidogo tu, tungekuwa tunatibu ugonjwa mwingine."

Nilipiga magoti mbele ya yule mama. Hakuniinua. Hakusema amenisamehe, na mpaka leo hajasema. Alisema, "Gulio lijalo uniletee unga ulioiva. Na utaula wewe kwanza, mbele ya macho yangu."

Nafasi ya shule ilikwenda. Nikamwambia Bibi siuzi tena. Akaniambia, "Uliahidiwa mnunuzi mmoja, unataka kumkimbia?" Tukaloweka upya, siku nne, na ya tano kwa sababu ya baridi. Nikaenda gulioni na mafiga matatu na sufuria. Nikapika palepale mbele ya watu. Yule mama alisimama kama askari, mtoto mgongoni. Nikala tonge, nikala la pili. Akaniangalia mpaka jua likapanda kabisa. Ndipo akafungua kitambaa chake akanunua kopo moja.

Wiki ile alinunua yeye peke yake. Wiki ya pili, yeye na mke wa muuza dagaa. Tangu hapo kila gulio napika na kula kwanza, na watu wamezoea kungoja. Ndivyo biashara yangu ilivyosimama, wenzangu. Mwaka huu nimerudi kidato cha pili, Jumamosi nauza.

Namshukuru Bibi, aliyeona bila macho. Namshukuru muuza dagaa, anayenitania mpaka leo. Namshukuru nesi yule, na mama ambaye hakuniacha nikimbie. Mwenye mtaji mdogo, nakuambia: kuku mmoja anatosha, hata nusu ya kuku. Kisichopunguzwa ni zile siku nne. Mwenye njaa hatakuuliza muhogo umekaa majini siku ngapi. Kwa hiyo jiulize wewe.

Mwanamume wa baiskeli sikumpata. Nimekwenda Nyakahura mara mbili, nikauliza sokoni, nikauliza mafundi baiskeli. Hakuna anayemjua. Pengine aliuonja akautupa. Pengine. Kila nikiona kofia ya kijani njiani naifuata mpaka niuone uso, na bado haijawa yeye. Mnaokwenda huko, nisaidieni kuuliza.

Basi, nimemaliza kusoma. Sufuria ile pale nyuma nimekuja nayo, ni ugali wa unga wa juzi. Msiinuke kwanza. Ngojeni nile, mkiniangalia.