Kipande cha Chini ya Kabati

Leo Ijumaa, tarehe 30 Juni, kumekucha na mawingu mepesi yasiyo na mvua. Mwanga wa namna hii fundi wetu wa rangi za mbao huupenda kuliko jua kali, kwa sababu haudanganyi jicho. Ndiyo siku anayostaafu, baada ya miaka thelathini na moja katika karakana hii ya samani.

Alianza kwa kupiga msasa miguu ya viti. Baadaye akakabidhiwa chumba cha rangi, na hakukihama tena. Kazi yake ni ile ambayo mteja huitambua pale tu inapoharibika: meza ina viti vitano vya zamani, maseremala wanachonga cha sita, naye anakipaka rangi mpaka mwenye nyumba ashindwe kujua kipi ni kipya.

Tulimwita Mama Subiri. Rangi mbichi, husema, ni kama mgeni wa siku ya kwanza, bado hajaonyesha tabia yake. Kwa hiyo hujaribia kwenye kipande cha mbao ileile, akangoja kikauke, akakipiga vanishi, akangoja tena, ndipo akakipeleka kwa mteja na kukilaza sakafuni, kwanza karibu na dirisha, kisha chini ya taa. Bwana mmoja aliwahi kumwuliza kwa nini asinunue tu kopo lenye picha inayofanana na kabati lake. Naye akamwuliza kama mkewe alimwoa kwa kuona picha.

Hayo ndiyo ya kusherehekea. Sasa niseme lililonikera. Nilipopewa rasimu ya ratiba ya hafla ya leo ya kumuaga niisafishe, nilikuta chini ya kichwa cha "Vichekesho" ile hadithi ya sakafu ya daktari. Mkuu wetu wa mauzo ameisimulia kwenye kila hafla kwa miaka tisa: jinsi fundi mkongwe alivyopaka mbao mpya za sebuleni, zikatokea zimepauka kama kovu katikati ya sakafu ya kahawia. Watu hucheka. Mimi sicheki, kwa sababu stoo yangu imepakana na chumba cha rangi na nilikuwepo.

Mkuu wa mauzo ndiye aliyeleta kipande cha sakafu ya zamani cha kufananishia. Mama Subiri alitaka kwenda kuiona sakafu yenyewe, kama ilivyo desturi yake. Akaambiwa daktari ana haraka, na kwamba kipande kimetoka katikati ya sebule. Hakikutoka huko. Kilitoka chini ya kabati, ambako mwanga haukuwahi kufika, na mbao zile zisipopata mwanga hazikolei. Rangi aliyoipaka Mama Subiri ilifanana na kipande kile barabara. Lakini aliyepiga magoti akikwangua na kupaka upya, huku mke wa daktari amesimama mikono kiunoni, alikuwa yeye.

Tangu hapo yeye na mkuu wa mauzo hawakusemeshana. Mimi ndiye niliyekuwa mjumbe wao.

"Mwambie mwenzio meza za shule ziko tayari."

"Mwambie nimesikia."

Na wote wawili wamesimama mbele ya kaunta yangu.

Jumatatu nilimpelekea mkuu wa mauzo ile rasimu. Akatabasamu.

"Dada wa stoo, yaliyopita si ndwele. Mwache mama aondoke kwa furaha."

Nikamwuliza furaha ya nani. Umtie mtu doa miaka tisa, kisha umsindikize nalo hadi mlangoni, halafu uite utani? Nikamwuliza pia kile kipande alikitoa wapi. Akatazama viatu vyake.

"Chini ya kabati. Sikutaka kuharibu sakafu ya watu."

Nikamwambia asiniambie mimi, uvumilivu wa kupeleka salamu umeniishia.

Kwa hiyo vichekesho vimefutwa. Mahali pake, kabla ya zawadi, mkuu wa mauzo atasimama amweleze Mama Subiri mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele yetu sote. Asiposimama, si neno. Ninyi mmeshayasoma hapa kwenye ratiba, na nakala yake ya kwanza nimempelekea mke wa daktari pamoja na mwaliko wake.

Mama Subiri, asante kwa kazi. Nenda nyumbani na jina lako safi, ucheze na wajukuu, na maisha yawe mema kwako.