Mwalimu Mudathiri na Dirisha Lisiloonekana

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kufundisha Jiografia, tisa ya mwisho akiwa pia mwamuzi wa besiboli, Mwalimu Mudathiri Fakihi anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Ramani atatuachia. Macho yake, kwa bahati mbaya, anaondoka nayo.

Besiboli ilipofika shuleni kwetu Kilwa, wengi tulidhani ni mchezo wa kupita. Mwalimu Mudathiri akaenda semina Dar es Salaam, akarudi na barakoa ya waya na kazi ngumu kuliko zote uwanjani: kuamua kama mpira uliorushwa ni straiki au boli. Ili uwe straiki, mpira lazima upite juu ya kibao cheupe kilicholazwa chini mbele ya mpigaji, kati ya magoti na kifua chake, la sivyo ni boli, isipokuwa mpigaji mwenyewe awe ameurushia gongo. Straiki tatu, mpigaji anatoka; boli nne, anapewa kituo cha kwanza bure. Kwa maneno mengine, kuna dirisha hewani ambalo hakuna anayeliona, na kila mchezaji ana la kwake, kama sare iliyoshonwa kwa kipimo chake. La Nikodemo wa Kinjumbi, yule mrefu, lingetosha kupitisha mbuzi.

Mwalimu huchuchumaa nyuma ya mdakaji, kichwa hakitikisiki, macho tu ndiyo yanaufuata mpira. Hatamki neno mpaka mpira ulie kwenye glovu. Hapo husubiri kidogo, kama mtu anayeonja mchuzi, ndipo atangaze. Mpira wenyewe unafika kabla hujamaliza kupepesa macho. Nimesimama nyuma ya wavu miaka yote hiyo nikijaribu kuona anachokiona, na nakiri kwamba sijawahi. Inanistaajabisha hadi leo.

Sitasahau fainali ya kanda. Mwamuzi aliyepangwa aliugua, na wageni wetu kutoka Lindi wakakubali wenyewe kwamba Mwalimu Mudathiri aamue, ingawa waliokuwa wakicheza nao ni sisi. Mshindi angekwenda Dar kwenye mashindano ya taifa. Tulikuwa nyuma kwa pointi moja, vituo vyote vimejaa wachezaji wetu, na mpigaji wetu wa mwisho alikuwa Fortunata, binti wa milimani, mwenye straiki mbili na boli tatu. Boli moja zaidi ingemsogeza kila mmoja kituo kimoja na kutupa pointi ya kusawazisha. Straiki moja, safari imekufa.

Mrushaji akarusha. Sekunde ileile bibi yake Fortunata, Bi Katarina, ambaye alikuwa amechelewa gari, akafika kwenye wavu na kuita, "Fortunata, mjukuu wangu!"

Mtoto aliyelelewa vizuri hamwitikii bibi yake akiwa wima. Fortunata akapiga goti, gongo mkononi. "Shikamoo, bibi!" Mpira ukapita juu ya helmeti yake.

Uwanja mzima tulishangilia boli. Mwalimu akasubiri kidogo, kama kawaida yake, kisha akainua ngumi.

"Straiki! Umetoka!"

Dirisha hupimwa kwa mpigaji alivyosimama tayari kupiga, si alivyoinama kusalimia, na mpira ulikuwa umepita palepale kilipokuwa kifua chake. Tulijua sheria hiyo, maana yeye ndiye aliyetufundisha, lakini siku hiyo tulitamani aisahau. Wanafunzi walilia. Baadhi yetu walimu pia, tusidanganyane.

Mwalimu akavua barakoa, akaenda moja kwa moja hadi kwenye wavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umemtoa mjukuu wangu?"

"Nimemtoa, mama. Kukusalimia hakukosea. Ila mpira ulikuwa mzuri."

Bi Katarina akasema, "Basi mfundishe na yeye kuona hivyo."

Akamfundisha. Kila Jumamosi Fortunata alichuchumaa nyuma ya mdakaji, Mwalimu akiwa nyuma yake. Leo Fortunata ni mwalimu Mingoyo, na ndiye tuliyemwomba aamue mechi ya kuagana wiki iliyopita.

Mzee mwenyewe alishika gongo. Straiki mbili zilimpita. Kwa mpira wa tatu, wallahi, yule mzee mjanja akakunja magoti karibu akae chini ili dirisha lipungue! Mpira ukapita usawa wa paji lake la uso. Sote tulimwomba Fortunata kimoyomoyo amwachie mzee wa watu siku yake.

Fortunata akasubiri kidogo. Akainua ngumi.

Kisha akavua barakoa, akapiga goti. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umenitoa?"

"Nimekutoa, mwalimu."

Mwalimu Mudathiri alikaa palepale kwenye kibao akicheka, machozi yakimtoka, na hakutaka kuinuliwa.

Asante, Mwalimu, kwa kila uamuzi uliotuuma. Upate maisha mema, afya tele, na mapumziko ya magoti. Straiki zetu zina wa kuziona.