Kengele Ilie Saa Ngapi?

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti Ndogo yetu, Mwenyekiti wa Bodi ya shule, Mzee Nyaga, Bwana Chifu na Naibu wako, Mchungaji, pamoja na majirani zetu Waislamu mkiongozwa na Bwana Omar wa buchari, walimu wenzangu, wazazi, na zaidi ya wote Mwalimu Kinoti, ambaye leo anastaafu baada ya kuiongoza shule hii miaka kumi na miwili: Bwana asifiwe, na salaam aleikum.

Mimi ni Nelius Wambeti, naibu wake, na kuanzia Jumatatu, Mungu akipenda, nitakikalia kiti chake. Nimeambiwa nimsifu kidogo kisha niketi. Kumsifu nitamsifu. Shida ni kwamba sifa yake kubwa kuliko zote ni jambo ambalo Mheshimiwa Mkurugenzi hajawahi kuambiwa, na nimesimama hapa sijui hata nilishike upande gani.

Acha nianzie Kianjai. Mwalimu alizaliwa huko Kianjai, Meru, kwenye miraa, na mnajua Mmeru akiona muguka wetu hucheka. Kwake miraa ni mti wenye heshima, babu anaupanda na mjukuu anaurithi. Muguka, ingawa nao hutafunwa vile vile, ni majani ya mbuzi. Ndiyo maana alipofika hapa Siakago alifanya kosa ambalo hakuna Mmbeere angelifanya: aliita mkutano wa wazazi saa mbili asubuhi. Mtu wa Kianjai! Waliofika ni Naibu wa Chifu, ambaye ni kazi yake, na Bwana Omar, ambaye hana shamba. Viti vingine vyote vilibaki vikiota jua.

Mwalimu alikasirika akaenda kuwatafuta wazazi huko huko mashambani. Akawakuta wameinama, wake kwa waume, wakichuma kabla pikapu ya mnunuzi haijaondoka, maana muguka ukinyauka hauna bei, na pikapu haimngojei mtu. Na kando ya wazazi akawakuta wanafunzi wake, wale wale aliokuwa akiwafungia lango kwa kuchelewa. Mama yangu, yule pale mstari wa pili mwenye kitambaa cha manjano, akamuuliza, "Mwalimu, umekuja kutuangalia ama umekuja kuchuma? Kwani kwenu hamchumi?" Mwalimu akavua koti, akachuma.

Wiki iliyofuata kengele ya shule hii ilianza kulia saa tatu.

Mheshimiwa, tafadhali, usiandike bado. Najua sheria inataka saa mbili. Siku zote ulizotutembelea ililia saa mbili, kwa sababu kuna mtu hapa hemani, ambaye sitamtaja lakini anaangalia viatu vyake, alikuwa anatupigia simu. Ile siku uliyowakuta watoto kwenye gwaride wanahema, ukawasifu kwa kupenda mazoezi, walikuwa wametoka mashambani mbio. Lakini sikiliza na hili. Ile saa ya asubuhi Mwalimu aliilipa jioni, yeye mwenyewe, chaki mkononi, wakati sisi wengine tumeshaenda zetu nyumbani. Matokeo yakapanda. Ukatupa kombe, liko ofisini. Sasa niambieni, kombe lile ni la nani? Ni la mwalimu aliyevunja sheria, au ni la sheria ambayo haikujua kama imevunjwa? Mimi nimejiuliza mpaka nimechoka.

Halafu mnakumbuka wakati ule Pwani walipoukataza muguka wetu. Pikapu hazikuja. Asubuhi ya kwanza nilikuta watoto wameshaketi madarasani hata kabla ya walimu. Nilifurahi! Nikasema, kumbe dawa ndiyo hii. Kufika mchana hakuna aliyekuja na chakula. Siku chache baadaye darasa langu lilikuwa limejaa na limenyamaza, watoto wamelaza vichwa juu ya madawati, na hapo sokoni Bwana Omar alikuwa na mguu mmoja wa mbuzi ulioning'inia tangu asubuhi. Akaniambia, "Mwalimu, kule wakikataa kutafuna, na huku pia hatutafuni." Basi nikapiga magoti nikaomba muguka upate soko tena. Mimi!

Ninasema mimi, kwa sababu wengi wenu mnamjua kaka yangu Nyamu. Shuleni alinishinda hesabu, na hakuna mwalimu atakayebisha. Alianza kwa kuchuma, akaonja, akazoea. Leo yuko stendi, shavu limevimba, hana usingizi, hana kazi, hana mke, na tukikutana ananipita kama hatukunyonya titi moja. Shamba lililonilipia karo ya chuo cha ualimu ndilo lililomharibu Nyamu. Mama mmoja, shamba moja. Inaniuma sana, na sijui nimkasirikie nani. Nimkasirikie mama aliyetusomesha? Au huu udongo wetu, ambao mahindi yanakufa na muguka unacheka? Ndugu zetu wa Kanja wana mvua, wana chai na kahawa, nao kila ukiwakuta wanalia. Sisi wa huku kavu tungepanda nini?

Kwa hiyo juzi nilimwendea Mwalimu Kinoti, nikamuuliza, "Jumatatu nipige kengele saa ngapi?" Akacheka kile kicheko chake cha Kianjai. "Wambeti," akasema, "mimi nimestaafu. Hata kuchanganyikiwa nimekuachia wewe." Asante sana, Mwalimu. Sisi tumekupa mtamba mzuri wa ng'ombe, nawe ukanipa hiyo.

Wazazi mnanitazama. Mheshimiwa unanitazama, na kalamu umeishika. Nitasema basi. Wiki hii nilikuwa nasahihisha madaftari, msichana wa gredi ya nne akaja kuniuliza swali, na shavuni mwake nikaona kivimbe ninachokijua. Nilisahau swali lake. Nilimtoa majani yale mdomoni kwa kidole changu mwenyewe, kisha nikatoka nje nikalia.

Jumatatu kengele italia saa mbili. Si kwa sababu ya sheria, Mheshimiwa, unisamehe, na wala si kwa kumdharau Mwalimu, kwa maana bila saa tatu yake nusu ya watoto hawa wasingejua kusoma. Inawezekana ninakosea. Inawezekana kabla ya Krismasi mtakuja mlangoni kwangu kudai saa tatu yenu, na mimi nikawapa. Lakini Jumatatu ni saa mbili.

Mama, watoto wanaokuchumia asubuhi ni wanafunzi wangu. Hawatakuja tena. Najua mgongo wako haukubali kuinama siku hizi. Nitakuja mimi kukicha, nichume mpaka wakati wa kukimbia shule, na pikapu ikiondoka bila gunia lako, ujue ni mimi, usimlaumu mtoto wa mtu.

Naona amesimama. Mama, usitoke, tafadhali. Jamani, msimpishe njia. Mama, nilitaka kukuambia nyumbani, nikaogopa. Muguka wako ndio umenivisha hii nguo niliyosimama nayo hapa, sijasahau, na hilo ndilo linalonitesa. Mwalimu Kinoti, wewe anakusikiza, hebu mshike mkono.

Mheshimiwa Mkurugenzi, wageni wetu, wazazi wenzangu, asanteni kwa kuvumilia maneno yasiyonyooka. Mwalimu, Mungu akufikishe Kianjai salama, na akuzeeshe vizuri. Na wewe Mama, asante kwa kuketi tena.