Jembe na Nyumba Jimboni Kwengongo

"Elfu ishirini na tatu, na sirudi nyuma," alisema Breki. "Nyumba ndiyo ilishinda. Mkinionyesha lilishinda jembe, deni lote la kahawa la kijiwe hiki nalilipa mimi. Ikiwa nyumba, analipa mzee."

"Nimekubali," akasema Hansadi.

Hiyo ni jana saa kumi, nyuma ya stendi ya Lushoto, kwenye benchi la Dina muuza kahawa. Breki ni Masudi, anashusha kabichi Mombo kwa lori lake la Kenta. Hansadi ni mzee Athumani, anayedai anakumbuka kila kilichosemwa tangu uhuru. Mimi ni Mizani: nauza mapeasi, na sijawahi kuegemeza kidole kwenye mzani wangu. Shule niliishia la nne, mengine nimejisomea, na mtu akiongea ovyo damu inanichemka. Ndiyo maana nilipewa uamuzi. Ubishi ulikuwa juu ya jimbo la Kwengongo, ambalo siku hizi halipo. Mwaka wa sitini na tano chama kilileta wagombea wawili kwa kiti kimoja, huyu na alama ya jembe, yule na ya nyumba. Alishinda yupi? Asubuhi hiyo Dina alikuwa ametuapia kwamba asipolipwa, birika halipandi tena jikoni. Gunia lake la buni lilikuwa limenywea kama soksi.

Hansadi: Jembe, mwanangu. Baba alinibeba mgongoni mpaka kituoni. Zamani zilikuwa kura tatu, unalazimishwa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mhindi kwa mpigo. Siku hiyo kura moja, mbunge mmoja. Watu walipanga foleni huku wanacheka.

Breki: Walicheka, ila siyo na jembe. Babu yangu alichimbishwa matuta na Mwingereza mpaka mgongo ukapinda. Leo yuko huru, halafu achague jembe? Mzee, shikamoo, lakini hapo umetupiga fiksi.

Hansadi: Marahaba. Na nyumba gani Kwengongo ilikuwa haivuji? Mtu achague tope?

Sheshe, fundi bomba tunayemwita Injinia, akatua kikombe.

Injinia: Mnagombania ushindi, jimbo lenyewe liliuawa na ukungu.

Mimi: Ukungu unaua jimbo?

Injinia: Mpima mipaka alikuja mwezi wa saba, haoni hata viatu vyake. Akachora mstari pale macho yalipoishia. Ng'ambo yote ikaenda kwa majirani, Kwengongo ikabaki kipande cha kanga.

Breki: Wapi. Walihesabu watu siku ya gulio. Kijiji kizima kiko Mombo na nyanya zake, juu kabaki bibi mmoja na mbuzi. Nani atalipia mbunge wa bibi mmoja?

Hansadi: Na mbuzi alihesabiwa. Ndiyo maana jimbo lilidumu muhula mmoja zaidi.

Injinia: Muhula gani, na mbunge hakufika bungeni? Aliteremka Mombo, joto likambana, akavua koti. Basi likaondoka na koti, hati zote mfukoni. Mlangoni Dar es Salaam akaulizwa, Kwengongo ni kitu gani?

Nikapiga benchi kofi. Nikasema mimi sikuuliza koti wala mbuzi. Jembe au nyumba?

Pembeni alikuwa mwalimu Vumilia, kahamishiwa huku wiki hii kutoka Tanga, anasubiri kashata.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu."

"Samahani. Huyo aliyeshinda aliitwa nani?"

Hansadi akaanza kuhesabu kwenye vidole.

"Baba alikuwa anamwita Jembe," akasema. "Jembe kaja. Jembe kaahidi maji."

"Babu alisema Nyumba," akasema Breki taratibu. "Nyumba kaja, Nyumba kaahidi maji. Jina... jina sijapata kulisikia."

Injinia akawa anakagua spana yake kama vile kaiokota leo. Hasira zikanipanda na sikuwa na wa kumtupia, maana hata mimi silijui. Mtu alipanda milima hii kwa miguu, akashika mikono ya wazazi wetu, akaenda kukaa bungeni kwa ajili yetu. Tumebaki na picha ya kwenye karatasi.

Breki akainuka, anapangusa suruali.

"Basi, dau limekufa."

"Limekufa," Hansadi akadakia haraka. "Kama jimbo lenyewe."

"Dau limekufa," nikasema. "Na kahawa? Nayo ilikufa, au mliinywa?"

Injinia: Mimi kwetu ni ng'ambo ya ukungu. Deni langu lilihamia jimbo la jirani.

Dina akaliinamisha birika juu ya kikombe cha mwalimu. Kikajaa nusu. Akalipindua kabisa, halikutoa tone.

"Mwalimu amelipa kabla hajanywa," akasema. "Ninyi jembe, nyumba, mbuzi, sitaki kujua. Na wewe Mizani umo. Elfu ishirini na tatu. Mkononi, sasa hivi."