Tata Zéphirin Mukuna na Raketi ya Mpini Uliopinda

Ndugu na majirani mliokuja kumsindikiza, huyu ndiye baba yetu jinsi tulivyomjua, pamoja na kelele zake zote.

Tata Zéphirin Mukuna alizaliwa Kisenge tarehe 14 Machi 1956, mwana wa mchimba manganizi. Alisoma shule ya msingi hukohuko, kisha akajifunza useremala Kolwezi na kuhitimu mwaka 1975. Hesabu zilimshinda, mbao hazikumshinda.

Alifanya kazi katika karakana ya kampuni moja ya migodi hadi 2003, halafu akafungua karakana yake mtaani Dilala. Jioni alicheza ping-pong, na alipenda kushinda kuliko chakula.

Mwaka 1981 alifunga ndoa na Mama Agnès Tshiela. Siku moja alimwona akisonga bukari, ugali wetu, kwa mwiko uliopinda mpini, mkono wala hauchoki. Akachonga raketi yenye mpini kama ule, na Dilala nzima ikaitaka. Mwaka 2012 aliomba brevet, hati ya kumlinda mvumbuzi. Akajibiwa kwamba raketi inajulikana, mwiko uliopinda unajulikana, na seremala yeyote angewaza kuviunganisha: jambo lenyewe ni évident, yaani liko wazi kwa kila mtu. Jibu hilo lilimuuma sana. Kila mgeni aliulizwa, "Kama iko évident, juu ya nini hakuna mutu aliifanya mbele yangu?" Mama Agnès alimjibu, "Tata, tulia. Muiko ilikuwa yangu." Naye Tata Kabemba, rafiki yake na seremala mwenzake, hakuacha kumchokoza: "Ata mi ningeliifanya!" Miaka yote hiyo baba alingoja mtu mmoja tu akiri kwamba haikuwa rahisi.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2024. Alipolazwa, Tata Kabemba alitaka kumchangamsha kwa raketi mpya, akaichonga mwenyewe. Alifika hospitalini na kitu ambacho hata kushikika hakishikiki. Akakiweka kitandani.

"Mukubwa, niliharibisha mabao yote. Hii kitu haikukuwa évident."

Baba alicheka mpaka muuguzi akaja mbio. "Rudia," alisema. "Sema na nguvu, Agnès asikie."

Alifariki siku chache baadaye, Jumapili tarehe 9 Februari 2025, akiwa na furaha ambayo sisi wanawe tunaishukuru.

Ameacha mjane, Mama Agnès, watoto Noëlla, Mechack na Wivine, wajukuu saba, na Tata Kabemba, ambaye maneno yake Mama ameagiza yachapwe katika kijitabu hiki ili asije akayakana. Yamechapwa.

Pumzika kwa amani, Papa. Umeshinda.